Shusha Gitaa Kidogo: mwongozo wa mpiga roki wa Membley anayetaka kutunga na kutayarisha nyimbo

Una gitaa la umeme, pedali mbili tatu na rifu thelathini kwenye simu. Rifu, si nyimbo. Kila moja ina sekunde ishirini, ilirekodiwa usiku, na mwishoni unasikika ukijisemea "hii ni noma" kabla ya kuzima. Mwongozo huu ni wako, hasa ukiwa unakaa Membley, Ruiru mjini au Kahawa katika nyumba ya kupanga yenye kuta za mawe na sakafu ya vigae, huna pesa za kulipia studio ya Nairobi kila Jumamosi, wala hamu ya kupanda matatu ya Thika Road na ampu mapajani.

Ukiufuata, baada ya miezi miwili hivi utakuwa na wimbo mmoja uliokamilika: una maneno, una ngoma, umemiksiwa, na imeandikwa ni wa nani. Mmoja unatosha kuanzia.

Tatizo liko sikioni

Kabla hujanunua chochote, elewa kwa nini wapiga gitaa wa roki hukwama wakiketi mbele ya kompyuta. Miaka yote uliyopiga na bendi ulikuwa unajifunza kujisikia mwenyewe. Mpiga ngoma akikaza, nawe unaongeza ampu. Sikio lako limezoea kulitafuta gitaa kwanza, na likishalipata linaridhika. Kazi ya prodyusa ni kinyume chake: kusikiliza vitu vingine vyote, kisha kuuliza kama gitaa linahitajika hapo hata kidogo.

Mwaka 2019 wanamuziki wawili wa metali wa Nairobi, Martin Khanja na Sam Karugu, waliotoka katika bendi za Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura, waliunda kundi la Duma. (Usimfikirie mnyama, jina linatokana na neno la Kikuyu la giza.) Karugu aliacha besi akashika utayarishaji pamoja na gitaa. Walirekodi Kampala, na albamu yao ikatolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes mwaka 2020. Isikilize hata kama makelele yake hayakuingii. Ngoma za kompyuta zimechukua usukani, na gitaa limekuwa unga wa kukandwa pamoja na kila kitu kingine. Huyo ni mtu wa metali aliyekubali ala ya mkononi mwake isiwe mfalme.

Mwalimu wa pili yuko jirani. Wikendi nenda kwenye vilabu vya nyama choma pale Kamakis au Ruiru, umtafute mtu wa mugithi anayepiga peke yake: gitaa moja, kinanda chenye biti, maiki. Sisi wa roki tuna tabia ya kumdharau. Keti naye saa nzima ukimwangalia badala ya kuangalia vidole vyake. Anajua wimbo gani ushushwe kasi, ngoma ziingie lini, anyamaze lini ili meza zote ziimbe. Hiyo ndiyo kazi ya prodyusa, ila yeye anaifanya papo hapo mbele ya walevi.

Chumba kabla ya vifaa

Nyumba nyingi za upande huu ni za mawe ya kuchonga, plasta na vigae. Ni imara, lakini kwa sauti ni kama tangi tupu. Piga kofi moja katikati ya sebule usikie mlio unavyorukaruka ukutani. Maiki itaunasa mlio huo, na hakuna programu itakayouondoa vizuri baadaye.

Besi ina shida yake. Sauti husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuta mbili zilizoachana mita 3 hukuza mtetemo wa karibu Hz 57. Noti ya A ya besi ina Hz 55. Ukimiksi katika chumba hicho, A itavimba masikioni mwako, utaipunguza, na wimbo ukipigwa kwingine besi itakuwa imekonda. Watu hulaumu spika. Chumba ndicho kilichodanganya.

1. Chagua chumba cha kulala, si sebule. Godoro, mapazia mazito na kabati la nguo lililo wazi humeza sauti.
2. Weka meza kwenye ukuta mfupi, urefu wa chumba ubaki mgongoni mwako. Usiketi katikati kabisa ya chumba wala kwenye kona.
3. Tundika blanketi nzito au duveti kulia na kushoto kwa usawa wa kichwa, ukiziacha sentimita 10 kutoka ukutani. Hewa hiyo ya nyuma inafanya kazi kuliko ukizibandika.
4. Wakati wa kurekodi sauti, duveti nyingine iwe nyuma ya mwimbaji. Maiki nyingi za kuimbia husikia mbele yake, kwa hiyo mwangwi unaoingia ni ule unaotoka mgongoni kwa mwimbaji.

> TREI ZA MAYAI
> Usibandike. Zinapunguza kidogo mlio wa juu kabisa, na kelele hazizuii hata chembe: jirani atakusikia vilevile. Isitoshe zinashika moto haraka. Anayekwambia vinginevyo ameziona kwenye video za nyimbo.

Kelele za nje zina ratiba, na ratiba hiyo unaweza kuijua. Malori ya Eastern Bypass, grinda za mjengo, pikipiki, mbwa, spika za kanisa Jumapili. Kwa wiki moja rekodi kimya cha chumba chako dakika moja moja kwa saa tofauti, kisha usikilize. Kwangu mimi saa ya dhahabu ni saa saba mchana, mafundi wa ploti ya jirani wakiwa wanakula. Nimerekodi beti zote za wimbo mmoja kwa kufuata sahani za githeri.

Na wewe pia ni kelele. Kanuni za kelele za mwaka 2009, chini ya sheria ya mazingira ya Kenya, zinahesabu usiku kuanzia saa 2, na kikomo cha eneo la makazi ni desibeli 35 nje ya nyumba. Ampu haiwezi kukaa ndani ya kiwango hicho. Baada ya giza gitaa liingie moja kwa moja kwenye kompyuta, usikilize kwa hedifoni. Kareteka akikubishia hodi mara ya pili, aliye na makosa ni wewe.

Vifaa, kwa mpangilio wa kununua

Nunua kimoja, ukitumie mwezi mzima, ndipo ufikirie kingine.

*Saundikadi.* Iwe na tundu lililoandikwa Inst au Hi-Z. Pikapu za gitaa zinahitaji tundu la aina hiyo. Ukichomeka kwenye tundu la maiki la laptopu, mlio unakuwa kama umefunikwa shuka. Tundu moja la gitaa na moja la maiki yanatosha.

*Hedifoni za waya, zinazofunika sikio.* Za Bluetooth zinachelewesha sauti, na huwezi kupiga kwa wakati ukijisikia umechelewa.

*Programu ya kurekodia.* REAPER inakuruhusu kuijaribu siku 60, kisha leseni yake ya punguzo ni dola 60. Mwenye Mac tayari ana GarageBand bila malipo. Mwenye simu tu aanze na BandLab. Maprodyusa wengi vijana wa hapa wamelelewa na FL Studio, na kwa kujenga biti ni tamu sana. Ikiwa rafiki yako anaitumia, tumia hiyohiyo ili uwe na mtu wa kumuuliza saa nne usiku. Usiibe programu. Nakala za wizi huja na virusi, na huzimika katikati ya kazi ya mteja.

*Maiki moja ya dainamiki.* Shure SM57 imekuwa sokoni tangu 1965 na bado inarekodi ampu, ngoma na sauti ya kukwaruza ya roki. Bandia zake ni nyingi, kwa hiyo nunua kwa mtu atakayekuruhusu uijaribu dukani. Ukiona bei ya kushangaza, shangaa, kisha uondoke.

*Spika za kumiksia.* Hizi zije mwisho, baada ya chumba.

Kuhusu stima: UPS ndogo ni lazima, si anasa. Na ule mvumo unaousikia gitaa likichomekwa ni Hz 50 za umeme wetu. Pikapu za koili moja huunasa; zile za koili mbili huupunguza, maana ndivyo zilivyobuniwa. Geuza mwili pole pole hadi mvumo upungue, ukae hivyo. Sogea mita moja au mbili kutoka kwenye kompyuta. Mvumo ukiendelea, chomoa chaja ya laptopu na urekodi kwa betri. Mara nyingi mchawi ni chaja.

Kurekodi gitaa

Kwanza, kwa nini urekodi gitaa kavu. Gitaa likiingia bila rangi yoyote, mlio wa ampu utauchagua baadaye ndani ya programu, hata baada ya mwezi. Neural Amp Modeler ni ya bure na inaiga ampu kwa kiwango ambacho miaka michache iliyopita ulikilipia. Ukirekodi mlio ulioiva tayari kwenye pedali, umefunga mlango.

1. Weka nyuzi mpya siku moja kabla, zivutike. Tuni kabla ya kila jaribio, si kila wimbo.
2. Weka biti 24 na sampuli za Hz 48,000.
3. Weka bafa kwenye sampuli 128. Hiyo ni chini ya milisekunde 3 kila upande. Usiogope milisekunde 10: ndiyo hali ya kusimama mita tatu na nusu kutoka kwa ampu, na umeshafanya hivyo maisha yako yote. Kompyuta ikikwaruza, panda hadi 256.
4. Piga kwa nguvu zako zote huku ukirekebisha kiwango, vilele viishie kati ya desibeli -12 na -6. Ikigonga 0, jaribio limeharibika hata kama lilikuwa tamu.
5. Piga kwa kliki. Rifu ikikataa kukaa kwenye kliki, mara nyingi rifu ndiyo isiyojijua. Ishushe mapigo kumi, irudie.
6. Gitaa la ridhimu lipige mara mbili, majaribio mawili tofauti, moja kushoto na jingine kulia. Kunakili jaribio moja na kuliweka pande zote hakukupi upana. Kunakupa sauti ileile, kubwa zaidi, katikati.
7. Hifadhi. Nakala tatu, kwenye vifaa viwili vya aina tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Flashi iliyo kwenye mfuko wa laptopu haihesabiki kama nje ya nyumba.

Ukitaka ampu halisi mchana, maiki ikaribie kugusa kitambaa cha spika, ikiwa kati ya kitovu cha koni na ukingo wake. Kuelekea kitovu mlio unachoma, kuelekea ukingo unapoa. Isogeze upana wa kidole kila mara, usikilize, kabla ya kugusa kitufe chochote.

Rifu si wimbo

Hapa ndipo wengi hugeuka nyuma, na ndipo nitakapokaa.

Rifu ni kitu unachokipenda wewe. Wimbo ni kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukiimba jikoni akiosha vyombo, bila wewe, bila gitaa. Kipimo ni hicho tu. Kama hauwezi kuimbwa kwa kugonga meza, bado haupo, hata ukiwa na solo mbili.

Utaratibu ninaoutumia:

1. Chagua rifu moja. Zile ishirini na tisa ziache zilale.
2. Andika sentensi moja ya kawaida: wimbo unamwambia nani nini? Kwa mfano, "Nimechoka kukungoja stejini, naondoka kwa miguu." Sentensi isipopatikana, usiendelee.
3. Weka gitaa chini. Toka, tembea hadi barabarani na kurudi, ukiimba sentensi hiyo kwa namna kumi. Rekodi kwa simu. Watu wa Membley wamezoea watu wanaoongea peke yao. Watafikiri uko kwenye simu.
4. Kile kinachorudi kichwani kesho yake asubuhi ndicho kiitikio.
5. Sasa tafuta kodi zake (za gitaa, za mwenye nyumba zina tarehe yake). Tatu au nne. Sauti iongoze, gitaa lifuate.
6. Tunga beti. Ndani ya ubeti iondoe rifu kabisa, iwe mgeni anayebisha kabla na baada ya kiitikio tu.
7. Rekodi wimbo mzima kwa simu, sauti na gitaa moja, mwanzo hadi mwisho. Laptopu usiifungue kabla ya hapo.

Zoezi la kusikiliza: "Sina Makosa" ya Les Wanyika, bendi iliyozaliwa Nairobi mwaka 1978 ilipojitenga na Simba Wanyika. Sikiliza mara tatu. Mara ya kwanza fuata besi peke yake, ya pili ridhimu, ya tatu solo. Kila moja ina kiambaza chake na hakuna anayemkanyaga mwenzake. Ridhimu inarudia kitu kidogo ambacho wewe ungekichoka baada ya dakika moja, na kwa sababu haichoki, wimbo unatembea. Kisha sikiliza benga yoyote ya D. O. Misiani na Shirati Jazz, uone gitaa linavyomjibu mwimbaji badala ya kumfunika, hadi maneno yaishe ndipo magitaa yachukue uwanja. Solo ya roki kuwekwa baada ya kiitikio cha pili ni mazoea ya watu. Sheria haiko popote.

Maneno ya Kiswahili juu ya mapigo ya roki

Wengi hutunga kwa Kiingereza wakidai Kiswahili "hakikai" kwenye roki. Kinakaa. Kisichokaa ni mahali unapokiweka.

Mkazo wa Kiswahili huanguka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Rifu nyingi za roki tulizojifunzia zilikatwa kufuata lugha ambayo mstari wake mara nyingi huisha kwa silabi nzito, kwa hiyo pigo kubwa la mwisho linakuja juu ya silabi ya mwisho. Ukiweka Kiswahili hapo, unaimba "Githura-I" kama mgeni aliyeshuka ndege jana.

Chukua mstari huu niliobuni:

*Nimeshuka Githurai, mzigo umenichosha*

Hesabu mizani kama watunzi wa mashairi: ni-me-shu-ka-gi-thu-ra-i, nane. M-zi-go-u-me-ni-cho-sha, nane (ile *m* ya mzigo ni silabi kamili, iimbe). Nane kwa nane, kipimo ambacho shairi la Kiswahili limekitembelea karne na karne. Sasa ziweke kwenye mapigo manne, silabi mbili kila pigo. Nusu ya kwanza mkazo uko kwenye SHU na RA, silabi ya 3 na ya 7, yaani pigo la pili na la nne. Ndipo snea ya roki inapogonga! Hukufanya kazi yoyote, lugha imekupa.

Nusu ya pili inasumbua. Mkazo wa m-ZI-go uko kwenye silabi ya 2, katikati ya mapigo. Una njia mbili. Ama uchelewesho huo uutumie kwa makusudi, gitaa nalo likatike hapohapo, ama ubadilishe maneno:

*Nimeshuka Githurai, giza limeniandama*

GI sasa imekaa juu ya pigo la kwanza na NDA juu ya la nne. Fanya hivi kwa kila mstari, kwa penseli, kabla ya kurekodi. Ni kazi ya nusu saa, na inakuepusha na ile aibu ya kusikia lugha yako mwenyewe ikichechemea.

Mambo mengine mawili. Vitenzi vyetu vingi huishia na *a*, vokali inayofungua koo. Ukitaka kupaza au kunguruma, maliza kiitikio nayo, kwani *i* na *u* hubana. Lakini *a* hiyohiyo hufanya vina kuwa rahisi kupita kiasi. Kupenda, kwenda, kutenda vina kina. Kupenda na kulala havina, hata kama vyote vinaishia *a*. Linganisha silabi mbili za mwisho. Na ukitunga kwa Kikuyu, kumbuka lugha hiyo ina toni: mwimbie mzee mmoja kwanza akwambie amesikia neno gani.

Ngoma na besi, kwa ufupi

Mpiga ngoma ana mikono miwili na miguu miwili. Usipange matoazi matatu kwa pigo moja. Badilisha nguvu ya kila pigo, hasa haihati, vinginevyo utasikia cherehani. Besi ifuate kiki; pale kiki inaponyamaza, jaribu besi nayo inyamaze. Na kabla hujanunua sauti za ngoma, kumbuka akina George Mukabi, ambao muziki wao wa gitaa lisilo la umeme ulitembea kwa chupa ya Fanta iliyokwaruzwa. Rekodi chupa. Rekodi sufuria. Roki inapenda chuma.

Kumiksi

Wimbo wangu wa kwanza nilimpelekea rafiki mwenye gari, nikakaa nyuma nikingoja sifa. Tulipofika mzunguko wa Ruiru akauliza, "Huyu anayeimba amejificha wapi?" Gitaa lilikuwa limeketi juu ya kila mtu. Tangu siku hiyo nafuata mpangilio huu, na gitaa huja mwisho kwa makusudi:

1. Shusha kila kitu hadi kimya. Pandisha sauti ya mwimbaji kwanza, kisha kiki, snea, besi. Gitaa baadaye, hadi linaposikika tu, kisha lishushe kidogo tena.
2. Kwenye gitaa, kata chini ya Hz 100 na juu ya Hz 8,000 hivi. Likisikika peke yake litaonekana dogo. Usilisikilize peke yake.
3. Punguza distoshani hadi karibu nusu ya unayoipenda chumbani. Magitaa mawili yenye distoshani ya kiasi husikika makubwa kuliko moja lililojaa nyuki.
4. Miksi kwa sauti ya chini, kiasi cha kuweza kuongea na mtu. Kila dakika 45 toka nje.
5. Weka wimbo wa mtu mwingine unaoupenda pembeni, uushushe ulingane na wako kwa ukubwa, ulinganishe.
6. Sikiliza kwa spika moja ya simu, kisha kwenye gari. Maneno yakipotea kwenye simu, rudi hatua ya kwanza.
7. Mwishoni usiusukume wimbo hadi ukutani. Spotify husawazisha nyimbo karibu na LUFS -14 (kipimo cha ukubwa wa sauti), kwa hiyo ule uliobanwa mno utashushwa, na ule ubapa utabaki nao. Kilele kiachie desibeli -1.

> MAKOSA NINAYOYAONA KILA MARA
> Riverbu kwenye kila traki, eti wimbo uwe "mkubwa." Kumiksi usiku wa manane na kutuma palepale. Kununua plagini badala ya kurekodi upya sauti iliyoimbwa vibaya. Kumwambia mwimbaji "tutarekebisha kwa kompyuta."

Karatasi

Wimbo una mali mbili. Moja ni utunzi: maneno na melodi. Ya pili ni rekodi yenyewe. Kwa sheria ya hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, utunzi hulindwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 zaidi; rekodi hulindwa miaka 50 baada ya mwaka iliporekodiwa. Haki inazaliwa kazi inaponaswa, hata kwa simu. Kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hukupa ushahidi wakati wa ugomvi. Na kuhamisha haki hiyo kwa mtu mwingine lazima kuwe kwa maandishi yaliyotiwa saini, kwa hiyo "tulikubaliana tu" haimpi mtu wimbo wako, wala haikupi wewe wa mwenzako.

Siku hiyohiyo wimbo unapoisha, andikeni karatasi moja: nani ametunga maneno, nani melodi, asilimia ngapi kila mmoja, rekodi ni ya nani, majina kamili, namba za vitambulisho, saini. Baada ya pesa kuingia mtakuwa mmechelewa. Ikiwa wimbo utawekwa kama mlio wa kumngojea mpokeaji simu, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2022 yanampa mwenye haki asilimia 52 au zaidi ya mapato. Mkataba wowote ulio chini ya hapo uulize mara mbili.

Mirabaha hukusanywa na vyama: kwa miaka mingi MCSK ilishughulikia watunzi, KAMP wenye rekodi na PRISK wapigaji na waimbaji. Leseni zao hutolewa na KECOBO na hubadilika, kwa hiyo uliza KECOBO nani ana leseni mwaka huu ndipo ujaze fomu yoyote.

Wateja wa kwanza

Usingoje bendi za roki. Ni chache, na wote ni mafukara kama wewe. Kuna kwaya inayotaka kurekodi, mwimbaji wa mugithi anayehitaji nyimbo mbili za kuwaonyesha wenye vilabu, wanafunzi wa Idara ya Muziki na Densi pale Kenyatta University. Kwa kila mmoja:

1. Msikilize akiimba ana kwa ana kabla ya kutaja bei.
2. Chukua nusu kwa M-Pesa kabla ya kuwasha kompyuta.
3. Kubalianeni marekebisho mawili. La tatu linalipiwa.
4. Mpe nakala ya kusikiliza yenye ubora wa chini. Faili kamili itoke salio likishaingia.

Mimi nilivunja hatua ya nne kwa ajili ya urafiki. Wimbo ule bado nausikia kwenye matatu, na salio bado nalingoja.

Kabla hujabofya "tuma"

☐ Wimbo unaimbika kwa kugonga meza
☐ Mkazo wa kila mstari umekaguliwa kwa penseli
☐ Gitaa la kushoto na la kulia ni majaribio mawili tofauti
☐ Maneno yote yanasikika kwenye spika ya simu
☐ Kilele hakizidi -1
☐ Msimbo wa ISRC wa herufi na tarakimu 12 umeuandika mahali (msambazaji wako atakupa)
☐ Majina ya watunzi wote yameandikwa kama yalivyo kwenye vitambulisho
☐ Karatasi ya asilimia ina saini, na picha yake iko kwenye simu ya kila mmoja
☐ Faili zote za kazi, pamoja na gitaa kavu, zina nakala nje ya nyumba
☐ Umemchezea mtu mmoja asiyependa roki, ukamwangalia mguu